Shina la Mgomba Ndani ya Handaki

Andika kwanza wazazi wangu. Baba yangu alizaliwa Lurambi, wakati mji wa Kakamega ulikuwa bado vichaka na vibanda vichache vya askari. Mama yangu alizaliwa upande wa mashariki, ukingoni mwa msitu, katika ukoo wa wafinyanzi wa vyungu. Majina yao usiyaweke kwenye karatasi. Wapo wajukuu walioyarithi, nawe unakula nao sahani moja. Majina hayo yamekwisha pata pa kukaa. Andika ninavyosema wala usinipambie. Nikikohoa, usiandike kikohozi.

Baba yangu alikamatwa akiwa kijana, akapelekwa kubeba mizigo katika vita vya Mwingereza na Mjerumani. Alirudi. Wengi aliokwenda nao hawakurudi. Hakupenda kuulizwa habari hizo. Mara moja tu, tulipokuwa tukipalilia wimbi, aliniambia kwamba mbebaji alipoanguka njiani alivuliwa mzigo kwanza, mzigo ukapewa mwingine, ndipo watu wakamtazama kama bado anapumua. Hakuna aliyesimama kuchimba kaburi. Nilikuwa msichana mdogo, na tangu siku hiyo niliwaogopa wafu wa namna hiyo kuliko wafu wengine wote, wale ambao hawajui wamelala wapi.

Kisha nikaolewa katika nyumba yenye mfu wa namna hiyo.

Boma nilimoolewa ndilo hili tulimo, upande huu wa Butali, ambapo siku hizo hapakuwa na miwa wala kiwanda. Ule mfereji mpana mnaouruka mkienda kisimani ni handaki la kale, na lile tuta lenye nyasi ndefu ni udongo uliotolewa humo. Watu wa zamani waliishi ndani ya ngome za udongo kwa kuogopana. Kabla sijazaliwa, serikali ilipokuja mara ya kwanza kudai kodi ya nyumba, wanaume wa ukoo huu walisimama juu ya tuta hilo na mikuki yao, na askari wakasimama kule chini, pale penye mtambo wa maji leo, wakiwa na bunduki. Haikuchukua muda; askari walipanda hadi tutani wakifyatua. Waliobaki walikubali kodi.

Nilipofika nikiwa bibi arusi, jembe lilikuwa bado linatoa maganda ya risasi. Watoto waliyapuliza kama filimbi. Mama mkwe wangu aliwanyang'anya akayarudisha tutani, akisema kwamba kitu kilichowahi kumwua mtu hakipulizwi kwa mdomo.

Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wa vijana waliosimama juu ya tuta na kutoka wazima. Baadaye, mume wangu akiwa bado mgongoni mwa mama yake, askari wa chifu walimkuta njiani wakamchukua kubeba mizigo kama walivyomchukua baba yangu. Hakurudi. Haikuja habari wala nguo. Mama mkwe alikaa miaka mingi bila kunyoa nywele za ujane, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mjane.

Mume wangu alipotaka kujenga nyumba yake, wazee walimzuia. Mtu hajengi juu ya baba ambaye hajazikwa. Basi wakakaa, wakashauriana, wakaamua kwamba marehemu azikwe.

Sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yalipotokea. Mdogo wake marehemu, ambaye kwangu alikuwa baba mkwe mdogo, alikwenda kwenye migomba yake mwenyewe. Desturi ilitaka mgomba utoke kwa ndugu wa tumbo moja. Alikata shina ambalo lilikuwa halijazaa, akalibeba peke yake begani hadi uani, akalilaza, akalifunika kwa blanketi la kaka yake. Tulilia kama wanavyolia watu waliofiwa siku hiyo. Mama mkwe aliliita shina lile kwa jina la mumewe na kulilaumu kwa kukawia. Wanaume walichimba kaburi ndani ya handaki, karibu na tuta, wakalilaza shina ubavu wa kulia. Udongo uliotolewa ulikuwa umelowa mvua, umekuwa tope, kwa hiyo sisi wanawake tukaambiwa tuchote udongo mkavu wa tutani kwa vikapu. Nilimwaga kikapu changu kaburini nikaona maganda ya risasi yakimeta ndani yake. Nikarudi tutani na kikapu changu.

Jioni mama mkwe aliniita akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu kwamba nimeona mgomba ukizikwa.

"Umeona baba mkwe wako akizikwa," akasema. "Lile neno jingine usilitamke tena maisha yako yote. Akisikia kwamba kilicholazwa pale si yeye, atakuja kujitafuta. Na ataanzia kwa wenye midomo."

Siku ya kunyolewa, baba mkwe mdogo alisimama ukingoni mwa handaki mbele ya watu, kama desturi inavyotaka mali za marehemu zisemwe, akatamka kwamba kuanzia hapo kwenda juu ni kwa mtoto wa kaka yake, na kuanzia hapo kwenda chini ni kwake. Mume wangu akajenga. Humo nimezaa watoto wangu, akiwemo baba yako.

Wote walioshika shina lile walikufa mmoja mmoja. Mama mkwe alikufa. Baba mkwe mdogo alikufa. Mume wangu alipokufa niliketi penye jeneza lake nikatambua kwamba nimebaki peke yangu mwenye neno lile kinywani. Watu wa kijiji husema mimi ni mkali. Nimekuwa nikifunga kinywa hiki kwa muda mrefu, na uso wa mtu anayefunga kinywa huonekana mkali.

Sasa mwandike shemeji yangu, mtoto wa baba mkwe mdogo. Alizaliwa baada ya mazishi yale, na baba yake alimlea bila kumwambia lolote, maana naye alikuwa amefungwa na katazo lilelile. Ukiwa mtoto ulimpenda kwa sababu alikuwa mcheshi. Ni kweli alikuwa mcheshi. Lakini mume wangu alipokwisha kuzikwa alianza kusema vilabuni kwamba shamba letu lote ni lake. Alikuwa ameketi na mzee mmoja aliyebeba mizigo vitani, na mzee yule alimwambia kwamba baba mkwe wangu alikufa kusini kwa kuhara, akatupwa shimoni na wengine. Shemeji akapiga hesabu yake: ikiwa mtu amelala kusini, basi kaburi lililo kwetu ni rundo tu la udongo lililokusanywa na wanawake ili kumnyang'anya baba yake ardhi. Hati ya shamba katika ofisi za Kakamega ilikuwa bado na jina la mzee aliyewazaa wale ndugu wawili. Hakuna upande uliokuwa na karatasi. Upande wetu ulikuwa na kaburi.

Alipeleka kesi kwa baraza la wazee wa mashamba, na wazee wakasema watakuja kuona kaburi kwa macho yao baada ya mavuno.

Hiyo ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, na unakumbuka waliokuja kukaa kwetu wakikimbia mapigano kutoka mashamba ya juu, kupita Likuyani, wamebeba magodoro na kuku wamefungwa miguu. Binamu ya baba yako alilala jikoni kwangu na watoto wake. Kila nilipompa obusuma, ugali wa kwetu, aliupokea kwa mikono miwili kama mgeni wa siku ya kwanza, ingawa aliwahi kuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi. Nilimtazama nikaona jinsi mtu anavyoonekana akiwa hana mahali pa kusema hapa ni petu. Nilianza kuamka alfajiri na kwenda kulitazama kaburi kama lipo.

Ndipo wakaja watu wa makumbusho.

Walikuja na gari la kijani lenye turubai, kiongozi wao akiwa binti wa Nairobi aliyevaa suruali na kofia ya majani, pamoja na vijana wawili wa kubeba vyombo. Binti alikuja kwangu kwanza kabla ya kugusa jani, akapiga magoti kunisalimu, akaniita kukhu, yaani nyanya, kama mtoto wa hapa. Alisema kazi yake ni kutafuta mahali watu walipopigana na serikali wakati babu zetu walipokuwa vijana. Vitabu, alisema, vimeandika upande mmoja tu, ule wa wenye bunduki. Yeye alitaka udongo useme walikosimama wale wengine.

Nilimwambia udongo wa hapa hauna la kusema. Baba yako, aliyekuwa amerudi kutoka zamu ya kiwandani, akanikatiza kwa heshima, akasema maganda ya risasi yamejaa tutani na kwamba itakuwa vizuri watoto wajue historia yao. Nilimtazama, lakini neno lilikuwa limekwisha toka.

Walifunga kamba nyeupe juu ya tuta zikafanya vyumba vya mraba. Walichimba kwa mwiko wa mwashi, polepole kuliko mtu anayekuna nazi, wakachekecha udongo, na kila walichopata walikitia katika mfuko mdogo. Walikuwa na mashine ya kutafuta chuma, mpini mrefu wenye kisahani chini, ambayo kijana mmoja aliipitisha juu ya nyasi huku amevaa vitu masikioni. Penye chuma ililia. Sauti yake ilikuwa kama ya mbu mkubwa aliyenaswa chunguni. Kila ilipolia nilijua inakokwenda.

Binti alikuwa akinionyesha kazi yake jioni, kwa adabu. Aliniambia kutokana na maganda anaweza kujua askari mmoja alipiga magoti wapi, alisogea wapi, alipakia bunduki mara ngapi. Aliyatoa mfukoni akayapanga juu ya mkeka wangu. Nikaona ule mstari wa watu wakipanda kilima wakija nyumbani kwangu. Nilimwambia ayaondoe.

Shemeji alikuja kila siku. Aliketi juu ya tuta upande wake, akitafuna muwa, akiwatania wale vijana. Nyuma yake, pale mpakani, kilisimama kile kichaka cha migomba ya kwao ambacho ndizi zake huozea juu zikaliwa na ndege. Baba yake alikuwa amekataza mtu yeyote wa nyumba yake kula hapo, nao wakalitii katazo wasijue asili yake. Mimi nilijua. Kwa miaka yote hiyo, nikipita pale, niliangalia miguu yangu.

Asubuhi moja kijana alitoka tutani na mashine yake akashuka handakini. Ilinyamaza. Akasogea. Ikanyamaza. Kisha akafika kwenye kaburi, nayo ikalia, ikalia mfululizo, haikunyamaza hata alipoinua kisahani.

Binti alikuja mbio. Aliuliza ni nini pale, na baba yako akamjibu ni kaburi la babu yake. Uso wa binti ukabadilika. Akaketi karibu nami, akaeleza kwa upole kwamba maganda mengi namna ile ndani ya kaburi moja yanaweza kuwa na maana kwamba mtu huyo alizikwa siku yenyewe ya mapigano, kwamba huenda ni shujaa aliyeanguka pale pale, na kwamba tukimruhusu atafungua sehemu ndogo tu, ataangalia, na atarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Nikakataa. Nilisema kaburi haliguswi.

Shemeji alitupa kipande cha muwa.

"Sasa naona," akasema. "Mke wa ndugu yangu, umelalia hapo miaka yote kama kuku anayelalia viazi. Ukiondoka, tutaona utaangua nini."

Vijana wakacheka. Hata baba yako alikaribia kucheka, Mungu amsamehe.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko siku za kufiwa. Katika kufiwa jambo limekwisha. Habari ilienea sokoni kwamba mama mzee wa juu ya kilima amekataa kaburi lifunguliwe, na kila aliyeisikia aliuliza kwa nini. Chifu msaidizi alikuja kuninywea chai na kuniambia, kana kwamba anaongea juu ya mvua, kwamba mwenye kaburi la kweli hana cha kuogopa. Baba yako aliniambia nikiendelea kukataa wazee wa baraza watakuwa wameamua kabla hawajafika. Alisema kweli. Nikikataa, nimepoteza shamba kwa kukataa. Nikikubali, watafungua, hawatakuta mtu, na nitalipoteza kwa kukubali. Na nikisema neno lile ili kulieleza shina, yule aliyeko kusini atasikia.

Sikuweza kula. Nilipika nikawapakulia nikakaa. Nilimwogopa shemeji, nikamwogopa binti yule mpole, nikaiogopa mashine, lakini zaidi nilimwogopa mtu ambaye sijawahi kumwona uso, niliyelilia blanketi lake. Nikifagia uani nilisikia nyayo handakini. Ilikuwa mbuzi. Nilijua ni mbuzi na bado niliweka ufagio chini nikaingia ndani.

Siku ya nne nilikubali, kwa sababu nilichoka.

Walifungua asubuhi, jua likiwa wazi. Nilitaka kuwe na mawingu. Watu walikuja kama wanavyokuja penye ajali: majirani, wakata miwa waliokuwa wakielekea kazini, chifu msaidizi. Shemeji alikuja amevaa koti. Nilikaa kwenye kigoda karibu na ukingo, na baba yako akasimama nyuma yangu ameshika bega langu, ingawa sijui kama alikuwa akinitegemeza au akijitegemeza.

Binti alichimba mwenyewe. Maganda ya risasi yalitoka kwanza, moja baada ya jingine. Alionekana kushangaa, akasema yamechanganyika ovyo, hayakupangika kama yale ya tutani. Kisha udongo ukabadilika rangi. Alitoa brashi akapiga magoti. Katika udongo mwekundu palionekana doa jeusi, refu, la mviringo pembeni, jembamba kuliko kifua cha mtu. Hapakuwa na mfupa. Hapakuwa na jino. Aliendelea kupangusa muda mrefu, nami nikasikia trekta za miwa barabarani.

Aliinuka, akajifuta mikono, akanitazama mimi kwanza. Nilimwona anaelewa kwamba mbele yake kuna jambo ambalo hajaambiwa. Akawaambia watu kwa sauti ya kawaida kwamba udongo wa nchi hii ni mchachu na hula mifupa. Kwamba baada ya miaka mingi mwili unaweza kuisha wote na kubaki doa kama hili. Na kwamba yeye hawezi kuapa kuwa mtu alilazwa hapa, wala hawezi kuapa kuwa hakulazwa.

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwangu. Ningenyamaza tu. Ningeinuka kwenye kigoda, nikarudi jikoni, na doa lile lingekuwa baba mkwe wangu mbele ya baraza. Nilianza kuinuka.

Shemeji akashuka shimoni. Alichukua udongo kiganjani, palepale penye doa, akapanda, akanyoosha mkono mbele ya uso wangu.

"Onja," akasema. Hakuwa akitania tena. "Onja udongo huu, useme baba yangu mkubwa amelala hapa. Ukisema hivyo, mimi nitaondoa kesi kesho, na sitalitaja shamba hili tena."

Wewe hujakulia katika viapo hivyo, mjukuu wangu, umekulia katika kanisa. Mimi pia naenda kanisani. Lakini nimeona nyumba ambayo ndani yake mtu alionja udongo wa kaburi kwa uongo, na leo hapo panapandwa miwa bila hata kichuguu cha kuonyesha walipokuwa wakiishi. Nilitazama kiganja kile. Alikishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba kaa la moto. Nilishangaa kuona kwamba naye anaogopa.

Nilipima hofu zangu. Shamba ni kitu kikubwa. Lakini ningeonja, ningekula wanangu wote pamoja na wewe.

Nikasema, "Siwezi kuonja. Aliyelala hapo ni mgomba."

Watu waliguna. Baba yako aliondoa mkono begani mwangu. Shemeji alifumba kiganja chake, na usoni mwake nikaona furaha ikianza, ndogo, ya mtu aliyengoja miaka.

"Umesikia, chifu," akasema.

"Sijamaliza," nikasema. "Ulikatwa na baba yako."

Nikawaambia yote, nikiwa nimekaa, sauti yangu ikiwa imekauka kiasi kwamba walisogea ili wasikie. Niliwaambia juu ya blanketi, na juu ya vikapu vya udongo wa tutani, ndipo binti akafunika mdomo wake na kutikisa kichwa, maana maganda yale yalikuwa yamemjibu swali. Niliwaambia baba yake alivyosimama ukingoni siku ya kunyolewa na kuutaja mpaka. Shemeji alisikiliza akitikisa kichwa. Alisema baba yake hakumwambia jambo kama hilo hata siku moja, na baba hamfichi mtoto wake wa kiume mazishi ya kaka yake.

"Hakukuambia kwa sababu alikatazwa kusema, kama nilivyokatazwa," nikamwambia. "Lakini ile migomba iliyo nyuma ya mgongo wako, alimokata shina, aliwakataza nini?"

Hakugeuka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Kila mtu mwingine aligeuka kuitazama, hata wakata miwa, hata chifu msaidizi. Yeye alisimama akinitazama mimi, na udongo ukaanza kumponyoka kati ya vidole.

"Baba alikuwa anatukatazanga kula hapo," akasema mwishowe, polepole, akiwaambia watu wala si mimi. "Mama alituchapa kwa ndizi moja. Tulidhani ni ya mchawi."

Alikaa chini ukingoni, na koti lake jipya likaingia vumbi. Hakulia. Alibaki pale huku binti akipima doa kwa kamba na kulichora, na majirani wakaanza kuondoka kwa aibu. Binti alipomaliza, kijana mmoja alichukua sepetu ili afukie. Shemeji akaichukua mkononi mwake. Akafukia kaburi lote peke yake, akikanyaga kwa miguu mitupu, na alipofika juu akalainisha kwa viganja kama mwanamke anavyolainisha uani.

Hakuniomba msamaha, nami sikumngoja aombe. Wazee wa baraza walipokuja baada ya mavuno, aliwapeleka yeye mwenyewe ukingoni mwa handaki, akasimama mahali ambapo baba yake alisimama, akautaja mpaka kwa maneno yaleyale. Niliyatambua maneno, ingawa mimi sikuyarudia neno kwa neno wala hakuna aliyemfundisha. Huenda yalikuwa maneno ya kawaida tu.

Binti aliondoka na mifuko yake. Kabla hajaingia garini alipiga magoti tena, akaniuliza kama anaweza kuandika habari ya mgomba. Nikamwambia imekwisha semwa, haiwezi tena kumezwa.

Basi ndivyo shamba lilivyobaki kwetu. Lakini usiandike kwamba niliacha kuogopa. Nilitamka neno lile mbele ya kijiji kizima, juu ya kaburi lililo wazi, mchana. Kama anasikia, alisikia. Mwaka ule ng'ombe wetu alitoa ndama aliyekufa, nikasema ni yeye. Wewe ukaugua malaria ukalazwa Kakamega, nikasema ni yeye, nikakaa kando ya kitanda chako nikiongea naye kimoyomoyo, nikimwambia kwamba njia ni ile ya nyumbani, mahali ni kule handakini, blanketi lako lilikuwa kule, usimguse mtoto. Ulipona. Sijui kama ni yeye au dawa. Bado jioni nikisikia nyayo handakini, naingia ndani.

Sasa haya ndiyo ya kutunza. Handaki msilifukie, hata kampuni ya miwa iseme trekta haipiti. Tuta lisipandwe kitu. Maganda ya risasi mkiyaona, yaacheni yalipo, watoto wasiyapulize. Shemeji amezeeka, na wanawe wanataka kung'oa kile kichaka cha migomba ili wapande miwa hadi mpakani. Nenda kwao kabla hawajaanza. Nenda mchana, usiende mikono mitupu, chukua kuku. Uwaombe chipukizi moja, ulipande karibu na kaburi, na ndizi zake muwaachie ndege. Watoto wako wakikuuliza kwa nini hawali, waambie. Wasikae na katazo lisilo na sababu yake kama walivyokaa wale.

Na mimi, nikifia mbali, hospitali ya Eldoret au kokote, gari likiwa ghali au njia ikiwa na vita, msishauriane na wazee. Nileteni mimi mwenyewe.